Mtani Wangu Hakuachia Mkono

Siku tuliyomzika baba, mie nilicheka. Nilicheka hadi nikashika ukuta, watu wazima wakacheka pamoja nami, na hakuna aliyeniona sina adabu.

Aliyetuchekesha ni rafiki yangu. Yeye Mngoni, sie Wangindo, na mwenye asili ya kusini anajua kwamba Mngoni na Mngindo ni watani tangu enzi za mababu, walipopigana vita mpaka wakachoka wakaamua bora watukanane. Mtani akija msibani haji kulia, anakuja kuvuruga. Basi rafiki yangu alivaa kanzu ya baba, ile ya Ijumaa, akachukua na bakora yake, akawa anazunguka uani anauburuta mguu wa kushoto kama baba alivyokuwaga anauburuta. Akasimama mbele ya mama, katikati ya wanawake walioketi mkekani, akamfokea: "Chapati gani hizi, mke wangu? Hizi si za kula, hizi za kuzibia pancha."

Baba alikuwa anasema hivyo hivyo kila asubuhi. Asubuhi ile hapakuwa na wa kusema. Mama hakuwa amefungua mdomo tangu tulipopata taarifa. Akajifunika uso kwa khanga, mabega yakaanza kutikisika, shangazi akamkumbatia akidhani analia, kumbe anacheka.

Jeneza lilipotoka, yule bwana akajilaza chali njiani. "Huyu mtumwa wangu," akasema, "haendi popote mpaka nilipwe." Mjomba ikabidi alete kuku. Ndipo akainuka, akajipangusa vumbi, akaingiza bega chini ya jeneza, na hakulitoa mpaka makaburini. Na kule kaburini, Mkristo yule kati ya Waislamu, hakuna aliyelia kuliko yeye.

Naanza na hilo ili ijulikane nilikuwa nampenda mtu wa namna gani.

*

Nyumbani kwetu ni Temeke. Shule niliishia kidato cha pili, na tangu hapo kazi yangu ni chapati. Mama anauza barazani asubuhi, chapati na maharage, na mie ndiye nilikuwa nakanda na kusukuma. Watu huona chapati wakidhani kazi iko kwenye kuchoma. Kazi iko kwenye kukanda. Unga usipokandwa ukakandika, chapati inatoka ngumu, na hapo ndipo maneno ya pancha yanapoanzia. Mikono yangu ilitengenezwa na unga. Mabega pia.

Na wakati nakanda nilikuwa naota. Kila donge la unga nililipanga kwenye sinia kama mpinzani. Hili bingwa wa Kenya, lile la Uganda, lile bonge la mwisho ni mzungu fulani mwenye michoro mwilini. Nikishika kile kijiti cha kusukumia nawalaza mmoja mmoja. Jua likichomoza nimeshatwaa mataji ya bara zima, na mama ananiambia, "Bingwa, sukuma hiyo, mteja anasubiri."

Mchezo wenyewe ni ule wa MMA, ngumi na mateke na mieleka kwa pamoja, ambao unaruhusiwa kumpiga mtu kabali au kumfunga kiungo mpaka asalimu amri. Rafiki yangu ndiye aliyenipeleka. Jimu yetu ilikuwa ghala nyuma ya duka la magodoro la mzee mmoja wa Kihindi, Khoja, mtu mkimya, ambaye kila sponji ikikatwa vibaya alikuwa anatutupia. Tukazishona ndani ya turubai, zikawa mikeka yetu ya kuangukia. Ukiangushwa unatoka na harufu ya godoro jipya. Mpaka leo nikipita duka la magodoro moyo unanienda mbio.

Siku ya kwanza kocha alitukalisha chini. Yeye ni mtu wa maneno machache, na siku ile aliyasema yote ya mwaka.

"Ukifungwa, unagonga. Unamgonga mwenzako kwa mkono ulio huru, au unagonga chini, au unasema. Hakuna aibu. Na wewe uliyemfunga, mwenzako akigonga unaachia. Huulizi. Hufikirii. Humalizii kidogo. Mtu akigonga amekukabidhi mwili wake, kama anavyokukabidhi mtoto umshikie. Utamdondosha mtoto?"

"Hapana kocha," tukasema.

"Asiyeachia si mpiganaji. Huyo ni kibaka aliyevaa bukta."

Tulicheka, lakini mie nilikwenda nalo nyumbani. Nililipenda mno. Niliona ndio mchezo pekee duniani ambao mtu anaweza kukuvunja na anakuuliza wewe kama inatosha.

Sasa, mie na mtani wangu tulikuwa na nyongeza yetu. Yeye alikuwa hodari wa kufunga mkono: anajilaza kwa mgongo, mkono wako unakuwa katikati ya mapaja yake, kiwiko kimekaa juu ya nyonga yake, akiinua kiuno tu kiwiko kinakunjwa upande kisikokunjika. Akishanifunga hivyo, nami nikagonga, analegeza. Ananiachia nafasi kabisa, hakuna maumivu. Lakini mkono haurudishi.

"Mtumwa," anasema, "niamkie bwana wako."

"Siwezi kumwamkia mlevi wa ulanzi."

"Mla ming'oko wee, mla mizizi ya porini, niamkie, la sivyo leo utakanda chapati kwa miguu."

Jimu nzima inasimama kutazama. Mwisho nasema, "Shikamoo." Naye, kwa sauti nzito kama ya mzee wa baraza, anajibu, "Marahaba," anaachia. Mtu wa rika langu kumwamkia mwenzake shikamoo ni kituko, na watu walikuwa wanajishika mbavu. Siku nikimfunga mimi, ananiamkia yeye. Kocha mwenyewe alikuwa anageuza uso ukutani asionekane anacheka. Ikawa ndiyo desturi yetu: kugonga kulikuwa kwa watu wote, na shikamoo na marahaba ni yetu sie wawili. Mtu mmoja akaturekodi kwa simu, video ikazunguka, tukaanza kuitwa njiani. Nikipita stendi, makondakta wananiambia, "Mtumwa, bwana wako hajambo?" Nilikuwa naona raha.

*

Halafu ikaja habari ya safari. Kuna jimu kubwa ya Afrika Kusini ilikuwa tayari kumchukua kijana mmoja wa kwetu akafanye mazoezi kule na kupiganishwa. Uzito uliotakiwa ulikuwa wetu, mie na mtani. Kocha akasema hataki lawama, tutapigana wenyewe, ulingoni, mbele ya watu, mshindi aende.

"Pambano la watani," akasema. "Watu watajaa."

Mie nilifurahi. Nilishajiona uwanja wa ndege nimeshika mfuko wa chapati za njiani. Na kusema kweli nilimwona na mtani uwanja wa ndege vilevile, maana kila nikiota alikuwa lazima awemo, kama si msafiri basi msindikizaji, anamsumbua mtu wa pasipoti kwamba huyu mtumwa wangu hatoki nchini bila ruhusa.

Tulikubaliana tukikaa juu ya turubai baada ya mazoezi. Alisema, "Ukishinda wewe, nakubebea begi. Nikishinda mimi, unanibebea. Ila tusiumizane, mtani. Mama yako atanilisha nini?"

"Atakulisha pancha."

Akacheka akaniangukia begani.

Pambano lilifanyika Jumapili alasiri, kwenye ukumbi mmoja Kinondoni unaokodishwa kwa harusi. Mapambo ya harusi ya jana yake yalikuwa bado hayajashushwa, vitambaa vya rangi ya zambarau vinaning'inia juu ya ulingo. Watu walijaa kweli. Mtani aliingia na jembe begani, akajifanya anachimba kaburi katikati ya ulingo, singeli inapigwa, watu hoi. Mie niliingia na dumu la maji, nikamwambia mshereheshaji ni ulanzi, bwana huyu hapigani akiwa hajanywa. Mtani akalipokea akanywa, akayumba, akaanguka. Refa akacheka. Refa naye alikuwa mtu wa jimu yetu, kaka yetu mkubwa, ametuona tukiamkiana shikamoo mara zisizo na hesabu. Nalisema hili kwa sababu linahitajika mbele.

Raundi ya kwanza nadhani niliichukua mimi. Nilimwangusha vizuri, nikamkandamiza, nikamkanda kama unga. Nilimsikia anahema, na alikuwa hanitanii tena, lakini mie nilidhani ni pumzi tu. Raundi ya pili nilimwangusha tena, na hapo nikateleza: mkono wangu wa kulia nikauacha mbele, akaudaka, akageuka, miguu ikapita kifuani kwangu, na kabla sijajua niko chali na kiwiko kimekaa pale ninapopajua.

Nikagonga. Nilimgonga pajani kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu, kama tulivyofundishwa, nikasubiri alegeze.

Hakulegeza.

Refa alikuwa ameshafika, ameinama juu yetu. Nilimwona uso wake karibu kabisa. Alikuwa anatabasamu, ameweka mikono magotini, anasubiri. Na ukumbi mzima ulishaanza kuimba, "Shi-ka-moo! Shi-ka-moo!" maana waliijua ile video. Walikuwa wanasubiri tuwape chao. Hata kocha, nilimwona kwa jicho la pembeni, amekunja mikono kifuani, anacheka. Nikagonga tena. Nikasema, "Mtani, inauma." Ukumbi ukacheka, kwa sababu hayo ndiyo niliyokuwaga nasema jimu kwa kuigiza.

Basi nikasema. Nilimwambia, "Shikamoo."

Nikasubiri marahaba.

Haikuja. Kiuno chake kikapanda. Nikasema tena, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Shikamoo mtani, shikamoo," na kiwiko kikalia. Hakikulia kwa kelele. Ni kama unapokunja kidole kikalia, ila huu ulikuwa mkono mzima, na niliusikia kwa ndani kabla sijausikia kwa masikio. Nikapiga ukelele, na hapo ndipo refa alipomrukia.

Kicheko cha watu wengi hakikomi mara moja. Nilikuwa nimelala nimeushika mkono, juu yangu vitambaa vya harusi, na upande wa nyuma kabisa wa ukumbi bado kulikuwa na watu wanacheka.

Mtani alinyanyuliwa mkono. Kisha akaja, akachuchumaa, akaniambia sikioni, "Pole, mtani. Si unaujua utani." Jasho lake likanidondokea shavuni.

*

Daktari alisema kano za kiwiko zimechanika. Mkono utapona, lakini hautanyooka wote, na mambo ya kupigana nisahau, kwanza kabisa nisahau kubeba ndoo. Wakanifunga plasta ngumu.

Asubuhi yake mama aliamka akakanda mwenyewe. Mie nilikaa kwenye kigoda namwangalia. Mikono yake ina baridi yabisi, vidole havikunjiki vizuri, na anakanda kwa kuegemea, anaweka uzito wa mwili wote kisha anapumzika, anaweka, anapumzika. Chapati zikatoka ngumu. Wateja wakala wakalipa. Hata mmoja hakutaja pancha.

Lakini mie nilikuwa bado namtetea. Mama akimtaja, nasema hakusikia, kelele zilikuwa nyingi. Majirani wakiuliza, nasema mchezo ndivyo ulivyo, kiuno kilimponyoka. Nililala nikijiambia hivyo na niliamka nikijiambia hivyo. Nilikuwa namsubiri aje anitukane. Nilishaandaa na majibu, kwamba Mngoni kavunja mkono unaomlisha, sasa atakula jembe lake.

Hakuja. Ikaja video.

Ni mteja mmoja, dada anayeuza vocha ng'ambo ya barabara, alinionyesha. "Kaka, si wewe huyu?" Nilitazama. Aliyechukua alikuwa amekaa upande ambao mie nisingeweza kuuona nikiwa chini. Naonekana nagonga. Mtani anainamisha macho, anautazama mkono wangu unaogonga paja lake. Anautazama kabisa, kama mtu anayetazama saa. Kisha anainua uso, anaiona simu inayomrekodi, anatabasamu. Halafu ndipo kiuno kinapanda.

"Naomba urudishe nyuma," nikamwambia.

Akarudisha. Macho chini, kwenye mkono wangu. Macho juu, kwenye simu. Tabasamu. Kiuno.

"Tena?" akauliza yule dada.

Nikamwambia basi, asante, chukua chapati hizi, usilipe.

*

Kocha alikuja siku chache baadaye. Alikaa barazani, mama akamwekea chai na chapati, akamega taratibu huku anatazama barabara.

"Wale wa Afrika Kusini wameiona," akasema. "Wanauliza ni mtu wa aina gani asiyeachia. Wanasema kule kwao mtu kama huyo wenzake hawakubali kufanya naye mazoezi."

Nasema kweli, kitu fulani kifuani kilikaa vizuri kidogo, kwamba kuna watu mbali huko wameona.

"Sasa wewe ndiye wa kumwokoa. Rekodi maneno mawili, useme ilikuwa utani wenu. Wazungu hawaujui utani. Wakieleweshwa wataelewa."

"Kocha, ilikuwa utani?"

"Utani hauna kesi, kijana. Mtani hashtakiwi. Hayo wewe unayajua kuliko mimi."

"Wewe ulituambia, akigonga unaachia. Ulisema huulizi, hufikirii."

Aliitazama ile chapati mkononi, ngumu, akaikunja haikukunjika vizuri. "Nilisema," akakubali. "Lakini jimu nzima inamtegemea yule aende. Akienda mmoja, mlango umefunguka. Nikimpoteza na yeye, nabaki na nani? Wewe mkono ndio huo."

Alisema bila ubaya. Ndiyo maana iliuma. Aliinuka, akamuaga mama kwa adabu zote, akaondoka, na mie nikabaki na ile "mkono ndio huo" imekaa kwenye kigoda alichokaa yeye.

Sikurekodi. Sikukataa pia. Nilikaa tu, nikijua kwamba safari yote ya mtani wangu imebaki kwenye neno moja kutoka kinywani mwangu, na kwamba akija mwenyewe, uso kwa uso, akaniambia kosa lake, mie neno hilo nitampa. Namjua huyu mtu ninayekaa naye ndani ya ngozi. Ningempa.

*

Alikuja wateja wakiwa wameshapungua. Mie nilikuwa barazani nachambua maharage kwa mkono wa kushoto. Mama yuko ndani, anabadili nguo. Nikaona kivuli, nikainua uso, ni yeye, amevaa shati la kanisani, kwapani ana kuku jike mweupe aliyefungwa miguu.

Kuku wa utani ana kazi yake. Mtani akikosa kupita kiasi, analeta kuku, anachinjwa siku ile ile, mnakula sahani moja, na neno linakufa. Nilipomwona yule kuku nikayaacha maharage. Nilisema moyoni, kaja.

Akamweka kuku chini, akainama kwenye meza ya chai akiwa amenipa mgongo, kama anayetafuta kikombe. Kisha akageuka, akapiga goti moja sakafuni mbele ya kigoda changu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mtani," akasema.

Aliisema polepole, kwa sauti nzuri kabisa. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Ile "ma" ya marahaba ilikuwa imeshafika kwenye midomo, nami nilikuwa nimeshamwachia, nimemwachia kila kitu, nimeshaanza hata kuona begi lake ninalibeba kwa mkono wa kushoto. Ndipo nikaiona simu. Alikuwa ameisimamisha, imeegemea chupa ya chai, jicho lake linatutazama sote wawili.

Nikafunga mdomo.

Na kutoka ndani, kwa furaha ya mtu anayesikia sauti aliyoizoea, mama akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Hujambo? Karibu, karibu sana."

Mtani akabaki amepiga goti. Ananiangalia. Anasubiri ya kwangu.

"Inuka, kaka," nikamwambia. "Karibu kiti."

Miaka yote sijawahi kumwita kaka. Alishtuka, lakini akatabasamu upande wa simu. "Mla ming'oko, mbona mpole leo kama bibi harusi?"

"Nyumbani hawajambo?"

"Eh?"

"Mama hajambo? Nisalimie sana." Nikamimina chai kwa mkono wa kushoto, nikamwekea sukari anavyopenda, nikampa kikombe kwenye sahani yake, kama tunavyowapa wageni wa heshima. "Karibu chai, kaka. Kuku mzuri. Ahsante sana, usingejisumbua."

Mtu asiye na watani hawezi kujua nilichokifanya. Mtani unamtukana. Unamnyang'anya kofia, unaila nyama iliyo sahanini kwake, unamlalia njiani. Heshima unampa mtu baki. Nilimpa heshima yote niliyofundishwa na baba, sikubakiza hata chembe.

Alikunywa funda moja. Akainuka, akaichukua ile simu, akaibonyeza, akaitia mfukoni. Alipogeuka uso wake ulikuwa mwingine kabisa. Ulikuwa ule uso wa makaburini.

"Mtani," akasema kwa sauti ndogo, "nitukane basi."

"Kwa lipi, kaka?"

"Kwa lolote. Niite mlevi. Niite mwizi. Mseme hata mama yangu."

Nilitafuta. Wallahi nilitafuta, maana alikuwa anaomba kweli sasa, simu imezimwa. Matusi niliyokuwa nimeyaandaa, la jembe, la mkono unaomlisha, yote yalikuwepo, lakini kila nililolishika lilikuwa la mtu mwingine, yule aliyevaa kanzu ya baba.

"Safari njema, kaka," nikamwambia.

Akashuka barazani. Kisha akaenda, na njiani hakugeuka.

*

Safari alikwenda. Ile video ya barazani waliikata vizuri. Yeye kapiga goti, anasema shikamoo mtani, unasikia "Marahaba, mwanangu, karibu sana", halafu mimi huyo nampa chai na kumshukuru kwa kuku. Sauti ni ya mwanamke, lakini nani anasikiliza hivyo? Chini yake wameandika kwamba watani wamemalizana. Watu walinipongeza njiani. Makondakta waliniambia, "Mtumwa, una roho ya dhahabu." Sikuwabishia. Ningeanzia wapi?

Mama alipoiona alikaa chini. "Mie nilijua ananiamkia mimi," akasema. "Mtu anaingiaje nyumba ya watu asimwamkie mama mwenye nyumba?" Alitaka kwenda kwa kocha, alishavaa na viatu. Nikamwambia avue. Tangu siku hiyo, mtu akisema shikamoo kutoka nje, mama haitikii mpaka achungulie kwanza. Wazee wa mtaani wanamshangaa.

Kuku hatukumchinja. Mama aliuliza siku ile, akauliza na kesho yake, nikamwambia bado. Akafunguliwa miguu. Sasa amejitengenezea kiota chini ya meza ya unga na anataga humo. Mie nimejifunza kukanda kwa kushoto, naegemeza na goti, na chapati zimeanza kurudi. Madonge nayapanga sinia kama zamani. Bado nayapa nchi zao, ingawa sasa mie ni kocha wao, na la kwanza ninalowaambia wote, hata lile bonge la mzungu, ni kuachia.

Asubuhi, mama akitaka kuchota unga, yule kuku humdonoa miguu. Mama humpiga kwa pindo la khanga. "Toka hapo, mlevi wa ulanzi wee," anamwambia, "umekuja kwetu umejaza tumbo na shukrani huna." Juzi nilijisahau, nikacheka.